Gugu Karoti Si Karoti: Dhana Potofu Kuhusu Mimea Inayojiotea Shambani

Wakazi wengi wa Nairobi siku hizi wana kipande cha ardhi mahali fulani: Ruai, Kamulu, Kiserian, Isinya, au kwa wazazi ushago. Tunakwenda mwisho wa mwezi, tunakuta pamejaa majani, na tunamwita kijana mwenye panga afyeke yote. Mimi pia nilifanya hivyo kwa miaka mitatu katika ploti yetu ya Ruai. Nilifyeka mboga, nikafyeka malisho, na gugu lililostahili kung'olewa nikalikata tu shina, likachipuka upya. Haya ndiyo niliyoyaamini wakati huo, na ambayo bado nayasikia kwa majirani.

"Mmea niliouona tangu utotoni ni wa kwetu."

Kishona nguo, ambacho kila mtoto wa shule amewahi kukibandua kwenye soksi, asili yake ni bara la Amerika. Bangi mwitu, ile yenye harufu kali inayojaa shambani baada ya mvua, ilitoka Amerika Kusini, sawa na jakaranda zinazochanua zambarau jijini kila Oktoba. Mkaratusi ulitoka Australia. Lakini ugeni peke yake si kosa, maana mahindi na maharagwe nayo yalitoka Amerika. Mmea huitwa vamizi pale unapoenea wenyewe na kuinyima mimea mingine nafasi, maji na mwanga. Na uenyeji nao si cheti cha wema: kiduha, kinachofyonza mizizi ya mahindi kule Magharibi mwa Kenya, ni mwenyeji wa Afrika.

"Subiri uchanue ndipo utautambua."

Hapa ndipo tunapopoteza mashamba. Gugu karoti, ambalo wataalamu huliita parthenium, lilitangazwa rasmi kuwa gugu hatari nchini Kenya mwaka 2010. Linaweza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, na mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Piga hesabu: anayetembelea ploti yake mara moja kwa mwezi anaweza kuondoka likiwa chipukizi na kurudi likiwa na maua. Maua yakionekana, umeshachelewa nusu.

Kwa hiyo jifunze kulijua likiwa changa. Majani yake ya kwanza hutandaa chini kwa duara kama sahani, kila jani limekatwakatwa kama la karoti. Likipata nguvu, husimamisha shina lenye mifereji ya wimawima na kujigawa matawi mengi, hata kufika kimo cha mtu. Maua ni meupe, madogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na ukiyatazama kwa karibu yana pembe tano. Karoti halisi ukiisugua jani lake inanukia karoti, na maua yake hufunguka kama mwavuli.

Usilisugue gugu karoti kwa vidole vitupu ili kulinganisha. Huwasha ngozi, na chavua yake huwasumbua sana wenye pumu. Nilitokwa na vipele mkono mzima kwa kuling'oa bila glavu, na sitaki mwingine apitie hayo. Vaa glavu na mikono mirefu, funika pua, na ling'oe na mzizi wake siku ardhi ikiwa laini kwa mvua, kabla halijachanua.

"Simu imesema managu ni sumu."

Programu za kutambua mimea hujifunza kwa picha, na nyingi kati ya picha hizo ni za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Ukipiga picha ya mnavu, yaani managu, unaweza kuambiwa ni beladona, mmea wa Ulaya wenye sumu kali. Tofauti ziko wazi kwa macho: mnavu una vijiua vyeupe vyenye kitovu cha manjano na matunda yake hukaa kwa vichala, ilhali beladona ina ua la zambarau kama kengele na tunda moja moja lililokalia nyota ya kijani.

Cha kuogopa zaidi kwetu ni mranaha, unaopenda kuota jalalani na kwenye zizi la zamani. Majani yake yana kingo zenye meno, yananuka vibaya, ua ni tarumbeta jeupe, na tunda ni kibuyu kidogo cha miiba. Ukiwa mchanga unaweza kuchanganyika na mboga katika mkono wa mchumaji mwenye haraka. Mmea wote ni sumu. Shina usilolijua kwa hakika lisiingie sufuriani, hata kama simu imelitaja kwa ujasiri.

"Mnyama akila, ni salama."

Ndege hula matunda meusi ya lantana na kuyasambaza, lakini ng'ombe akila majani yake huharibika ini, kisha ngozi huchubuka juani. Utaijua lantana kwa shina la pembe nne lenye vijimiiba, na majani yaliyokaa jozi jozi, yanayokwaruza kama msasa. Wafugaji wa Baringo wanajua somo hili kuliko sisi. Mbuzi wao hupenda maganda matamu ya mathenge, mti vamizi wenye miiba, na wakazi walimleta Nairobi mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kuyala ili Serikali ione kwa macho yake.

"Nimeng'oa, nimemaliza."

Mbegu hazikuja kwa miguu yake. Huja na samadi, nyasi za mifugo, mchanga, na matope ya magurudumu ya lori. Gugu karoti lilitokea kwetu mahali palipomwagwa samadi, si kwingine. Tangu hapo kila mzigo tunaumwaga kona moja na kupakagua kila wiki. Lililokwisha toa mbegu usilitie kwenye mboji.

"Hiyo ni kazi ya wataalamu."

Si lazima ukwame peke yako. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, pale Museum Hill, yana Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanza Amani nchini Tanzania mwaka 1902 na kuhamia Nairobi mwaka 1950, na huko mmea hutambuliwa kwa kulinganishwa na vielelezo vilivyokaushwa. Lakini jani moja lililonyauka haliwasaidii. Kata tawi lenye majani, maua na matunda. Lilaze kati ya magazeti chini ya uzito, ukibadilisha karatasi kila siku mpaka likauke. Andika mahali, tarehe, kimo, rangi ya ua likiwa bichi, kama lina utomvu, na jina analoliita mzee wa pale.