Apu gani ya Mastodon uweke kwa simu yako

Hapa Langoni, Lamu, watu wakiniletea simu niwawekee Mastodon, ule mtandao wa kijamii usio na mwenyewe mmoja, huniuliza, apu gani ndio nzuri? Na mimi nawarudishia swali, simu yako ina nafasi kiasi gani na bando huwa unanunua la ngapi, maana jibu liko hapo.

Kwanza jua akaunti yako haikai kwenye apu, inakaa kwenye seva uliyojiandikisha, yani kompyuta ya mtu au kikundi inayohifadhi akaunti za watu, na Mastodon ina seva nyingi. Ni kama laini ya M-Pesa, ukiitoa simu hii ukaitia ile pesa ziko palepale. Kwa hivyo weka apu hata tatu, zijaribu, usiyoipenda ifute, post zako na watu unaowafuata hawaendi popote. Kinachoweza kupotea ni rasimu tu, mfano za apu iitwayo Tusky zinakaa kwenye simu yenyewe, basi kama kuna maneno hujayaposti malizana nayo kwanza.

Kwa Android mimi huweka hiyo Tusky. Ya bure, haina matangazo, na kwenye F-Droid, lile duka la apu huria, pia ipo. Tabu zake unazipanga mwenyewe, yani unaweza kuiweka #Lamu iwe tabu kando ya home, unatelezesha kidole tu umefika. Halafu ingia settings uzime kupakua picha za mwanzo, zile zinazojitokeza kabla hujazigusa, hapo badala ya picha unaona maelezo yake kama mwenyewe aliyaandika, tuseme ni picha ya jahazi, ukitaka kuliona lenyewe unagusa ndio linashuka, na bando linakaa jamani! (Na wewe ukiposti picha andika maelezo, tafadhali, kuna wasioona wanasomewa na simu.)

Apu rasmi, ile ya Mastodon wenyewe, ni rahisi kwa anayeanza, sikatai. Lakini Mastodon ilianza 2016 na apu rasmi ikaja 2021 kwa iPhone, Android 2022, miaka yote hiyo kazi ilibebwa na apu za watu wengine na ndio maana zimekomaa vile. Wa iPhone jaribu Ice Cubes, Ivory nayo ni safi sana ila ya kulipia. Simu imejaa kabisa? Fungua Phanpy au Elk kwa brauza, huhitaji kuweka kitu.

Wenye Bluesky, hizi si zenu, ule ni mtandao mwingine. Na hakuna apu itakayoficha meseji zako za Mastodon, mwenye seva akitaka anaweza kuzisoma, mambo ya siri yapelekeni kwengine.

Sasa hapa ndio nataka muwe macho. Unapoingia, apu inakuuliza jina la seva, kisha inafungua ukurasa wa seva yenyewe na paswadi unaiandika huko, apu inapewa ruhusa tu bila kuiona paswadi. Angalia ile anwani juu, herufi kwa herufi. Apu ikitaka paswadi yako ndani yake, toka. Na uliyoifuta kwa simu bado ruhusa yake iko kwa seva, ingia akaunti yako kwa brauza, nenda settings, tafuta orodha ya apu ulizoziruhusu, uiondoe na huko.