Kibali cha Ujenzi na Viwango vya Kiufundi: Maana na Uhusiano Wake

Kibali cha ujenzi ni idhini ya maandishi inayotolewa na mamlaka ya serikali, kumruhusu mwenye kiwanja kujenga jengo lililooneshwa kwenye michoro aliyoiwasilisha, na si jengo jingine. Kiwango cha kiufundi ni kipimo kilichowekwa mapema kinachoeleza kazi au bidhaa ya ujenzi inapaswa kufikia nini: zege liwe na nguvu kiasi gani, nondo zifunikwe na zege la unene gani, ngazi ya kukimbilia moto uzukapo iwe na upana gani. Wengi huvichanganya viwili hivi, ilhali kibali ni uamuzi kuhusu jengo moja, na kiwango ndicho rula inayopimia majengo yote.

Michoro ikishakubaliwa hufuata ukaguzi wa hatua kwa hatua, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ujenzi huficha makosa yake. Zege likishamwagwa, hakuna jicho linaloweza kuhesabu nondo zilizomo ndani ya nguzo; kwa hiyo mkaguzi hana budi kufika kabla ya kumwaga, si baada yake. Zege lenyewe nalo halitambuliki kwa kutazamwa, kwani maji yakizidi huwa rahisi kulisambaza lakini likikauka huwa dhaifu. Ndiyo maana sampuli yake hujazwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kulipa umbo, ligande kuwa vipande, kisha vipande hivyo huvunjwa kwa mashine, kwa kawaida vikiwa na umri wa siku 7 na siku 28, na nguvu inayopatikana siku ya 28 ndiyo inayolinganishwa na ile aliyoitaka mhandisi.

Kanuni nyingi za ujenzi, kwa masikitiko, zimeandikwa baada ya maafa. Moto ulipoteketeza London mwaka 1666, sheria ya mwaka uliofuata iliagiza kuta za nje zijengwe kwa matofali au mawe. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, lilikuwa limeongezwa ghorofa bila kibali na kuwekewa viwanda vya nguo vyenye mashine na jenereta nzito, ingawa lilikusudiwa kuwa la maduka na ofisi. Kwa hiyo kibali hufungamana na idadi ya ghorofa pamoja na matumizi, na anayebadilisha matumizi huhitaji idhini mpya hata asipogusa ukuta mmoja.

Kazi ikikamilika na kukaguliwa, mamlaka hutoa cheti cha kuruhusu jengo litumike. Cheti hicho kinafaa kutunzwa pamoja na michoro, kwani mhandisi atakayeulizwa miaka mingi baadaye kama ukuta fulani unaweza kubomolewa ataanzia hapo.