Jumba la Umma la Siena: kasri lisilokuwa na mfalme

Linapotajwa neno kasri, wengi wetu humfikiria mfalme na jamaa zake. Kasri linalotazama uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena, nchini Italia, halikujengewa mfalme yeyote. Linaitwa Palazzo Pubblico, yaani Jumba la Umma, na historia yake ni historia ya wananchi waliotaka serikali yao iwe na makao yake yenyewe, badala ya baraza kukutania kanisani kama ilivyokuwa awali katika San Cristoforo.

Ujenzi ulishika kasi kuanzia mwaka 1297, chini ya Baraza la Watu Tisa lililoongoza Siena tangu 1287 hadi 1355. Wajumbe wake walitoka zaidi katika tabaka la wafanyabiashara na wenye benki, na makabaila wa ukoo walizuiwa kuingia. Kila kundi la watu tisa lilihudumu kwa miezi miwili tu, na katika muda huo wajumbe waliishi humo jumbani, mbali na nyumba na biashara zao, ili wasishawishiwe kwa urahisi. Sheria ya mwaka huohuo wa 1297 ilizitaka hata nyumba za watu binafsi zinazouelekea uwanja ziwe na madirisha ya nguzo ndogo, yanayofanana na ya jumba.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, hazina kubwa ya jengo hili si kuta zake za mawe na matofali, bali ni chumba walimokutana wale tisa. Kati ya 1338 na 1339, Ambrogio Lorenzetti alichora humo picha za ukutani kuhusu utawala mwema na utawala mbaya. Upande mmoja, kamba inashuka kutoka kwenye mizani ya Haki hadi kwa Mapatano, mwanamke aliyepakata randa ya seremala, kana kwamba kazi yake ni kusawazisha tofauti za watu. Kisha raia 24 wanaishika kamba hiyo na kuifikisha kwa mtawala. Katika mji wenye amani mafundi wanajenga, mwalimu anafundisha, na nje ya lango wakulima wanavuna. Upande wa pili ameketi Mtawala Dhalimu mwenye pembe, na Haki amefungwa kamba miguuni pake. Viongozi walijadili mambo ya mji huku picha hizo zikiwazunguka. Katika ukumbi wa jirani, chini ya picha ya Bikira Maria iliyochorwa na Simone Martini mwaka 1315, beti zilizoandikwa zinawaonya wenye nguvu wanaowaonea wanyonge.

Mnara wa kengele, Torre del Mangia, wenye urefu wa karibu mita 90, ulijengwa kati ya 1338 na 1348. Mwaka huo wa 1348 tauni iliikumba Siena na kuua sehemu kubwa ya wakazi wake, na inaaminika kwamba Lorenzetti mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Kikanisa kilicho chini ya mnara kilianza kujengwa mwaka 1352, kutimiza nadhiri ya walionusurika. Baraza la Watu Tisa liliangushwa mwaka 1355, na mwaka 1555 Siena yenyewe ikasalimu amri baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu na majeshi ya Charles V, kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, na ya mji jirani wa Florence.

Jumba halikugeuzwa kuwa magofu wala makazi ya mtu mmoja. Sehemu yake ni makumbusho ya mji, na ofisi za serikali ya mji wa Siena zimo humo hadi leo.