Kugandisha faili la mikopo la mtoto: maana yake hasa

Tangu barua za PowerSchool, kampuni ya mifumo ya shule iliyoibiwa taarifa za wanafunzi, zianze kufika majumbani mwaka 2025, kuna kauli ninayoisikia kila wanapokutana wazazi wetu hapa Marekani, kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Mtoto wetu hana shida, tulishamgandishia." Ukiuliza walimgandishia wapi, wanakuonyesha baruapepe inayothibitisha kwamba wamejiandikisha kwenye huduma ya bure ya Experian, moja ya kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, iliyotajwa ndani ya barua. Huko si kugandisha. Mlango wa kukopa kwa jina la mtoto huyo uko wazi vilevile kama ulivyokuwa kabla barua haijafika.

Maana yenyewe ni fupi. Kugandisha faili la mikopo ni kuiagiza kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo isimwonyeshe mkopeshaji mpya faili lako, yaani kumbukumbu za ulivyokopa na kulipa, mpaka wewe mwenyewe uruhusu. Mkopeshaji asipoliona faili, kwa kawaida hatoi mkopo. Akaunti yako ya benki haiguswi, kadi uliyonayo inaendelea kutumika, na alama zako za mkopo hazishuki.

Niongeze neno kwa ndugu zangu waliotoka Kenya, maana wengi wakisikia habari za kampuni za kumbukumbu za mikopo wanakumbuka CRB, yaani kampuni za Kenya za kumbukumbu za wakopaji, na kuwekwa CRB kwetu ni kufungiwa hata mkopo wa simu. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayewekwa CRB ameripotiwa na aliyemkopesha kwa sababu hajalipa. Anayegandisha ameomba mwenyewe, hadaiwi na mtu, na akitaka kufungua anafungua. Hakuna aibu ndani yake.

Sasa tuangalie kilichovuja. PowerSchool ni kampuni ya Marekani ambayo mifumo yake hutumiwa na shule kutunza habari za wanafunzi: mahudhurio, alama, anwani, simu za wazazi, hata mzio na dawa. Tarehe 28 Desemba 2024 iligundua kwamba mtu ameingia kwa nywila iliyoibwa, akapitia lango la huduma kwa wateja, na kuchota taarifa za wanafunzi na walimu wa wilaya nyingi za shule, Marekani na Kanada. Watoto hawakupoteza kitu kimoja wote. Kwa wengine lilikuwa jina na anwani, kwa wengine tarehe ya kuzaliwa na habari za afya, na kwa baadhi ilikuwamo namba ya Social Security, namba ya hifadhi ya jamii ambayo karibu kila mtu Marekani anayo. Bodi ya shule ya Toronto ilieleza kwamba rekodi zilizoguswa huenda zinarudi nyuma hadi mwaka 1985, kwa hiyo wamo hata watu wazima ambao leo wana watoto wao shuleni.

Kampuni ilimlipa mwizi. Ikaonyeshwa video ya data zikifutwa, na hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli ya pili inayonisumbua, kwamba "zile data zilishafutwa." Mwezi Mei 2025 baadhi ya bodi za shule zilianza kupokea vitisho vya kudaiwa fedha, na vitisho hivyo vilitumia data zilezile. Kijana wa miaka 19 kutoka Massachusetts alikiri kosa mwaka huohuo na akahukumiwa kifungo cha miaka 4. Lakini kufungwa kwa aliyeiba hakurudishi nakala ambazo huenda zimeshapita mikononi mwa wengine. Mzazi apange mambo yake akichukulia kwamba data bado zipo.

Kabla ya vitisho hivyo, mapema mwaka 2025, kampuni ilikuwa imetoa msaada uliomo kwenye barua: miaka 2 ya huduma ya kulinda utambulisho kwa wanafunzi na walimu walioguswa, pamoja na ufuatiliaji wa mikopo kwa wale waliofikisha umri wa utu uzima. Tafadhali rudia kuisoma sehemu hiyo ya mwisho. Ufuatiliaji wa mikopo walipewa watu wazima tu. Mwanafunzi wa darasa la 3 hakupewa hata huo, kwa kuwa kwa kawaida hana faili la mikopo la kufuatiliwa.

Na hata angepewa, ufuatiliaji ni taarifa tu. Unakuambia kwamba mtu amefungua akaunti kwa jina lako, na wakati unaambiwa, akaunti imeshafunguliwa. Ni jirani anayekupigia simu kwamba amewaona watu wakitoka nyumbani kwako na mizigo. Kugandisha ni kufuli lililokuwa mlangoni kabla hawajafika. Jirani wa namna hiyo ana faida yake, nami simwambii mtu yeyote aikatae huduma ya bure. Ninachokataa ni kuiita kufuli.

Kuna na kitu cha tatu kinachochanganywa na hivi viwili, nacho ni tahadhari ya ulaghai. Hii ni alama inayowekwa kwenye faili, ikimtaka mkopeshaji ahakikishe kwanza kwamba mwombaji ndiye mwenyewe. Inadumu mwaka 1, na ukiiomba kwa kampuni moja, hiyo inawajibika kuwaarifu wenzake. Kugandisha hakuendi hivyo. Kampuni kubwa ziko 3, Equifax, Experian na TransUnion, na kila moja unaiomba peke yake. Aliyegandisha Experian pekee ameacha milango miwili wazi.

Kwa nini ninalisisitiza jambo hili kwa watoto kuliko kwa wakubwa? Kwa sababu ya ile namba. Social Security ilianza kutoa namba zake mwaka 1936 kwa kazi moja tu, kuhesabu mapato ya mfanyakazi ili akizeeka ajulikane anastahili kiasi gani cha pensheni. Kwa miaka mingi kadi zake ziliandikwa wazi kwamba si za kitambulisho. Lakini benki, hospitali, vyuo na serikali zenyewe ziliona urahisi wa kutumia namba moja ambayo karibu kila mtu anayo, na sheria ya kodi ya mwaka 1986 ikawataka wazazi waandike namba za watoto wao wenye umri wa miaka 5 na kuendelea wanapowataja kuwa wategemezi. Baadaye ikawa kawaida mtoto kuombewa namba palepale hospitalini anapozaliwa. Ndivyo namba ya pensheni ilivyomfikia mtoto mchanga, ikageuka kuwa ufunguo wa kila kitu, na ufunguo huo kuubadilisha ni shida kubwa sana.

Mtu mzima namba yake ikitumiwa vibaya, atagundua siku akiomba mkopo wa gari au akitafuta nyumba ya kupanga. Mtoto wa miaka 7 haombi chochote. Anaweza kufika miaka 18, akaomba mkopo wa chuo, ndipo aambiwe ana deni la zamani kuliko ndevu zake. Ile huduma ya miaka 2 itakuwa imekwisha siku nyingi. Kugandisha hakuna tarehe ya mwisho kwa mtoto. Kunabaki mpaka mzazi aombe kuondolewe, au mtoto mwenyewe aombe akikua.

Sheria ipo na haidai senti. Tangu tarehe 21 Septemba 2018, sheria ya Marekani inazitaka kampuni hizi zigandishe bure, na inamruhusu mzazi amgandishie mtoto aliye chini ya miaka 16. Kama mtoto hana faili, kampuni inalazimika kumtengenezea kumbukumbu kwa ajili ya kugandishwa tu, kumbukumbu ambayo haitumiki kumpimia mkopo. Wenye miaka 16 na 17 wanaweza kuomba wenyewe.

Kazi iko kwenye makaratasi, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokata tamaa. Mtu mzima hujigandishia mtandaoni kwa dakika chache. Kwa mtoto mara nyingi unatuma kwa posta nakala za cheti chake cha kuzaliwa, kadi yake ya Social Security, kitambulisho chako na uthibitisho wa unapoishi, kwa kila kampuni bahasha yake. Kwa familia zilizokuja kama wakimbizi, nyingi zikiwa zinalea watoto wa ndugu waliofariki au waliobaki kambini, cheti cha kuzaliwa chenye jina lako huenda hakipo. Sheria inakubali pia amri ya mahakama au hati halali ya uwakilishi inayoonyesha kwamba wewe ndiye msimamizi wa mtoto. Waulize wanaowahudumia kwenye shirika lililowapokea. Hati hizo nyingi zinapitia mikononi mwao.

Kugandisha nako kusipewe sifa kusizostahili. Hakumzuii tapeli kupiga simu akijifanya ni mwalimu, akitaja jina la mtoto, shule yake na mzio wake wa karanga. Simu ya namna hiyo ikatwe, kisha wewe uipigie shule kwa namba unayoijua. Hakumzuii pia mtu kumwandika mwanao kama mtegemezi kwenye kodi zake. Kwa hilo mamlaka ya kodi, IRS, hutoa namba ya siri ya tarakimu 6 inayobadilika kila mwaka, na hata mtoto anaweza kupewa. Bila namba hiyo, fomu ya kielektroniki yenye namba yake ya Social Security inakataliwa.

Na tukiwa hapo hapo, jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa siku ya kumwandikisha mtoto: shule ya umma inaweza kuiomba namba ya Social Security, lakini haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu hukuitoa, na inapaswa kukueleza kwamba kuitoa ni hiari. Mwaka ujao wa masomo ukiletewa fomu yenye nafasi hiyo, unaweza kuiacha tupu. Namba isiyoandikwa kwenye mfumo wa shule haiwezi kuvuja kutoka kwenye mfumo huo.

Basi mzazi aliyejiandikisha kupitia ile barua hakukosea, abaki na huduma yake. Ila akiulizwa, aseme kwamba ameandikisha huduma ya miaka 2 inayomjulisha mambo yakiharibika. Kusema amemgandishia mtoto, asubiri mpaka Equifax, Experian na TransUnion, kila moja kwa barua yake, zimjibu kwamba zimegandisha.