"Ni uzee tu": dhana potofu kuhusu udhaifu wa uzeeni

Mtu wa miaka 80 anapoanza kukonda, kutembea kwa kujikokota na kuchoka kabla jua halijafika utosini, kuna jibu ambalo jamaa zake, majirani na hata wahudumu wa afya hulitoa haraka mno: ni uzee tu. Likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayepima wingi wa damu, hakuna anayeuliza anameza dawa ngapi kwa siku, hakuna anayechungulia kinywani kuona kama meno yanamruhusu kula. Dhana nyingi nitakazozitaja hapa ni watoto wa jibu hilo moja.

Dhana: Kila anayezeeka lazima awe dhaifu

Kwa muda mrefu madaktari walimtambua mzee dhaifu kwa kumwangalia tu. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliweka dalili tano zinazopimika: kupungua uzito bila kukusudia (zaidi ya kilo 4.5 kwa mwaka), uchovu usioisha, kupungua kwa shughuli za mwili, mwendo wa polepole, na mshiko hafifu wa mkono. Mwenye dalili tatu au zaidi alihesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili alihesabiwa kuwa anaelekea huko. Walipowapima watu zaidi ya 5,000 wenye miaka 65 na kuendelea, waliokuwa wakiishi majumbani mwao, waliokutwa dhaifu walikuwa takriban asilimia 7.

Tafiti zilizofuata katika nchi nyingine zilipojumlishwa mwaka 2012, wastani ulikuwa karibu asilimia 11. Baada ya miaka 85 hali hubadilika sana: makadirio ni kati ya robo na nusu ya watu. Lakini itazame namba hiyo kutoka upande wa pili. Hata kwenye umri huo, angalau nusu si dhaifu. Umri unaongeza uwezekano, hautoi hukumu.

Karibu wakati huohuo, Kenneth Rockwood na Arnold Mitnitski wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walichukua njia nyingine. Wao walihesabu kasoro zote alizonazo mtu: magonjwa, maumivu, kazi asizoziweza tena, majibu ya vipimo yasiyo ya kawaida. Kisha waligawanya kwa idadi ya mambo yaliyochunguzwa. Anayekutwa na kasoro 10 kati ya mambo 40 ana alama 0.25. Ni nadra sana kumkuta mtu aliye hai akipita 0.7 hivi, mwili unaonekana kuwa na kikomo cha mzigo unaoweza kuubeba.

Kambi hizi mbili bado zinabishana, na ubishi wenyewe una maana kwa watafiti. Kwa sisi wengine zinasema jambo moja: cha kupima ni akiba ya mwili, si tarehe ya kuzaliwa. Maambukizi madogo ya njia ya mkojo yanaweza kumsumbua mtu mwenye akiba kwa siku mbili tatu tu. Asiye na akiba anaweza kuanguka, kuchanganyikiwa na kulazwa kwa maambukizi hayohayo, kisha asirudi tena alipokuwa.

Dhana: Mzee mnene hawezi kuwa dhaifu

Anaweza. Misuli inaweza kuyeyuka huku mafuta yakibaki au hata yakiongezeka, na mizani ya kilo isionyeshe lolote. Ndiyo maana wapimaji huangalia nguvu na mwendo. Muulize anainukaje kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Jibu litakuambia mengi kuliko umbo lake.

Dhana: Mzee apumzike, amefanya kazi vya kutosha

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu imevaa sura ya heshima. Tunamnyang'anya mzee kila kazi, tunamletea kila kitu alipoketi, na tunajisifu kwamba tunamtunza.

Mwaka 2007 watafiti waliwalaza kitandani kwa siku 10 watu wazima wenye afya njema, wastani wa miaka 67. Walipoinuka, kila mmoja alikuwa amepoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama za miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Fikiria basi mgonjwa wa miaka 80 aliyelazwa kwa nimonia, anayekula nusu sahani, na ambaye kila akitaka kusimama anaambiwa alale asije akaanguka.

Upande wa pili wa habari hii unafurahisha zaidi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha jaribio dogo lililowashangaza wengi: wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliwekwa kwenye mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu ya miguu yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Idadi yao haikufika hata kumi na mbili, kwa hiyo mtu angeweza kutilia shaka. Mwaka 1994 kundi hilohilo likarudi na watu 100, wastani wa umri miaka 87, na matokeo yakasimama: nguvu iliongezeka zaidi ya mara mbili na mwendo ukawa wa haraka zaidi. Kulikuwa na jambo jingine katika jaribio hilo ambalo halisemwi sana. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nafuu ya maana katika nguvu.

Baadaye likaja jaribio kubwa la LIFE, lililochapishwa mwaka 2014. Watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89, ambao tayari mwendo wao ulikuwa umepungua, walifuatwa kwa wastani wa miaka 2.6. Nusu yao walipewa programu ya kutembea pamoja na mazoezi ya nguvu, ya mizani ya mwili (kusimama bila kuyumba) na ya kunyoosha viungo. Nusu ya pili walipata masomo ya afya. Hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 ilikuwa pungufu kwa asilimia 18 kwa waliofanya mazoezi. Si muujiza, na mtu akiyatangaza mazoezi kana kwamba ni muujiza nitamkatalia. Lakini hakuna kidonge kilichokaribia hapo.

Tahadhari moja ya kweli: mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichoeleweka au aliyetoka kufanyiwa upasuaji aanze kwa kumwona daktari. Wengine wengi wanaweza kuanza na kiti imara na ukuta wa kushikilia.

Dhana: Akishakuwa dhaifu hakuna kurudi

Hapa ukweli una pande mbili, na nisingependa kuupamba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Thomas Gill na wenzake waliwafuatilia watu 754 wenye miaka 70 na zaidi kwa miezi 54, wakiwapima kila baada ya miezi 18. Zaidi ya nusu walibadilika hali angalau mara moja, na baadhi yao walibadilika kwenda kwenye nafuu. Hata hivyo walioshuka walikuwa wengi kuliko waliopanda, na kutoka udhaifu kamili hadi uimara kamili lilikuwa jambo adimu mno.

Kwa hiyo wakati wa kuchukua hatua ni pale dalili zinapokuwa moja au mbili. Kwa bahati mbaya huo ndio wakati ambao kila mtu anasema ni uzee tu.

Dhana: Kuna dawa ya kuzuia uzee

Biashara hii ina historia, na inafaa kuijua. Mwaka 1990 Daniel Rudman na wenzake waliripoti katika New England Journal of Medicine kwamba wanaume 12 wenye miaka 61 hadi 81 waliochomwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita waliongeza nyama za mwili kwa asilimia 8.8 na kupunguza mafuta kwa asilimia 14.4. Wauzaji waliikumbatia makala hiyo kwa miaka na miaka, kiasi kwamba mwaka 2003 jarida lenyewe likatoa maandishi ya kulalamikia matangazo yanayoitumia. Majaribio yaliyofuata yaliuliza swali ambalo mnunuzi angepaswa kuuliza: je, nguvu nazo ziliongezeka? Jaribio la mwaka 1996 kwa wanaume wazee lilijibu hapana. Nyama ziliongezeka kidogo, uwezo wa kufanya kazi haukuongezeka. Madhara, kama uvimbe na maumivu ya viungo, yalionekana wazi.

Aspirini nayo ilipewa nafasi yake. Katika jaribio la ASPREE, lililochapishwa mwaka 2018, watu zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani, wengi wao wenye miaka 70 na kuendelea na wasio na historia ya ugonjwa wa moyo, waligawanywa kati ya aspirini ya kila siku na kidonge kisicho na dawa. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, na iliongeza kuvuja damu kwa hatari. (Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi yuko katika hesabu tofauti, asiache dawa yake kwa sababu ya aya hii.) Vidonge vya vitamini D, katika jaribio la VITAL lenye watu 25,871, havikupunguza kuvunjika mifupa kwa watu wa kawaida ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya upungufu.

Zipo tafiti za kusisimua, kama zile za kuondoa seli zilizochakaa na zile za dawa iitwayo rapamaisini, ambayo mwaka 2009 ilionyesha kurefusha maisha ya panya hata ilipoanzwa uzeeni. Panya. Anayekuuzia leo matokeo hayo kwenye chupa anakuuzia matumaini ya watu wengine.

Dhana: Kuanguka ni ajali tu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Chanzo mara nyingi kinatafutika: dawa za usingizi, shinikizo la damu linaloshuka ghafla mtu anaposimama, mtoto wa jicho, viatu vilivyolegea, taa hafifu. Mapitio ya majaribio 108, yaliyotolewa mwaka 2019, yalikuta kwamba mazoezi, hasa ya mizani ya mwili, hupunguza idadi ya kuanguka kwa karibu robo. Nenda kwa daktari na mfuko wenye dawa zote za mzee, za hospitali na za mitaani, muzipitie moja moja. Usizikatishe mwenyewe.

Dhana: Kuchanganyikiwa ni kawaida ya wazee

Aliyekuwa timamu juzi na leo hajui aliko ni mgonjwa wa dharura. Inaweza kuwa maambukizi, dawa mpya, upungufu wa maji au haja kubwa iliyoziba. Kusahau kunakokuja taratibu kwa miaka ni jambo jingine, na hata huko kuna la kufanya: jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia (maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo usikivu hafifu, shinikizo la damu na upweke.

Dhana: Hili ni tatizo la nchi tajiri

Kufikia mwaka 2050, watu wenye miaka 60 na zaidi wanakadiriwa kufika bilioni 2.1, na asilimia 80 watakuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wala udhaifu haungoji miaka 60. Uchambuzi wa takwimu za Waingereza karibu nusu milioni wenye miaka 37 hadi 73, uliotoka mwaka 2018, uliwakuta asilimia 3 tayari ni dhaifu, hasa wenye magonjwa sugu mengi kwa pamoja na wanaoishi katika umaskini.

Dhana: Vipimo vya udhaifu ni mbinu ya kuwanyima wazee matibabu

Hofu hii haikuzuka hewani. Machi 2020, korona ilipowazidi madaktari, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilielekeza watumie kipimo cha udhaifu cha Rockwood kabla ya kuamua nani aende chumba cha wagonjwa mahututi. Ndani ya siku chache, baada ya malalamiko, ililazimika kufafanua kwamba kipimo hicho kisitumike kwa vijana wala kwa watu wenye ulemavu wa kudumu, usonji au ulemavu wa akili. Kipimo kilikuwa kimetungwa kwa ajili ya wazee, na alama yake ilikuwa inakaribia kugeuzwa mlango wa kufungia watu.

Matumizi yake halali ni kufungua huduma. Mzee dhaifu anapolazwa, timu ya daktari, muuguzi, mtaalamu wa viungo na mtu wa ustawi wa jamii humchunguza kwa pamoja: dawa, lishe, akili, mwendo, na nani yuko naye nyumbani. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya majaribio ya tiba, yenye majaribio 29 na wagonjwa 13,766, yalikuta kwamba waliopata uchunguzi huo wakiwa hospitalini walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi majumbani mwao miezi mitatu hadi kumi na miwili baadaye.