Aliyegongwa kichwa uwanjani harudi mchezoni: majibu kwa timu za mtaani

Jumapili jioni chumba chetu cha dharura hujaa vijana wa mpira wa mchangani: vifundo vimevimba, magoti yamechubuka, vumbi mpaka kwenye kope. Hao hawanitishi. Anayenitisha ni yule aliyegongana vichwa na beki kipindi cha kwanza, akamwagiwa maji, akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Maswali yafuatayo huulizwa na makocha, manahodha na wazazi.

Mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ni ubongo kushindwa kufanya kazi sawasawa kwa muda baada ya kichwa kupata kishindo. Kiwiko, goti la kipa, nguzo ya goli au kuanguka kisogo, vyote vinatosha. Fuvu linaweza kuwa zima kabisa, bila hata nundu. Dalili ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, kuyumba, kusahau, au kuwa mkali na kulia bila sababu.

Lakini hakuzimia. Si yuko sawa?

Hapana. Wengi wanaopata mtikisiko hawazimii hata sekunde moja. Ukisubiri azimie ndipo umtoe, utakuwa umewaacha wengi wao waendelee kucheza.

Tumemmwagia maji, amezinduka, mwenyewe anasema yuko fiti. Aendelee?

Haendelei. Anatoka, na leo harudi tena.

Maji hayatibu ubongo. Kitunguu puani hakitibu ubongo, na vibao vya mashavuni ni kumwongezea kishindo aliyekwisha kupata kishindo. Na neno lake la "niko fiti" lisikubabaishe, kwa sababu kiungo kinachotoa jibu hilo ndicho kilichoumia. Katika fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale Maracanã, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Ezequiel Garay dakika ya 17. Akaendelea kucheza. Baadaye akamuuliza refa, Nicola Rizzoli, kama mechi ile ndiyo fainali yenyewe. Refa akawaarifu Wajerumani, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Timu ile ilikuwa na madaktari kwenye benchi, na bado alibaki uwanjani dakika 14. Wewe mwenye ndoo ya maji tu, usijaribu bahati.

Mechi ni ya nusu fainali na tumemaliza wachezaji wa akiba.

Anatoka. Chezeni kumi.

Sheria za mpira tangu Julai 2024 zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo, bila kuhesabiwa katika mabadiliko ya kawaida. Waandaaji wa ligi za mtaani mnaweza kukubaliana hivyo kwenye kikao cha manahodha kabla ya mechi ya kwanza. Haina gharama yoyote.

Hatari ya kurudi ni hii: ubongo ambao haujapona ukipata kishindo cha pili, hata kidogo, unaweza kuvimba ghafla ndani ya fuvu. Vijana wadogo ndio walio hatarini zaidi, na wengine hufa.

Amecheza vizuri, amekula, kulipokucha anatapika. Si malaria?

Hapa ndipo tunapochelewa kuliko mahali pengine popote. Mama anamleta mwanawe Jumatatu: kichwa kinauma, anatapika, amelegea. Jana yake wamempa dawa ya malaria iliyobaki nyumbani. Tunampima, hana malaria. Nauliza kama ameanguka, mama anasema hapana, na kijana anaitikia tu kwa kichwa. Mpaka rafiki yake aliyesimama mlangoni aseme, "Jana si aligongwa na kipa?"

Kishindo cha pembeni ya kichwa, juu ya sikio, kinaweza kupasua mshipa chini ya mfupa. Mgonjwa huzinduka, anaongea, anacheka na wenzake, huku damu ikijikusanya na kuukandamiza ubongo. Saa kadhaa baadaye anaanza kutapika na kusinzia. Huo si uchovu wa mechi. Kijana aliyegongwa kichwa akitapika, sema kwanza habari ya kugongwa. Malaria tutampima, lakini msitufiche mpira.

Dalili zipi ni za kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo?

Kutapika zaidi ya mara moja, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuzimia hata kidogo, degedege, usingizi usioamshika, maneno kukokota, mkono au mguu kukosa nguvu, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, damu au maji ya rangi ya maji kutoka sikioni au puani. Moja tu inatosha. Nendeni hata kama ni usiku, hata kama hela haijachangwa.

Akilalamika shingo au ganzi, msimwinue wala kumkalisha. Mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike mpaka lipatikane gari la kumlaza. Kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, kichwa kikining'inia, naomba sana iwe mwisho.

Amezimia. Tumtoe ulimi?

Ulimi haumezwi. Mtaumwa vidole bure. Akiwa anapumua, mgeuzeni ubavu, kichwa na mwili kwa pamoja. Asipopumua kawaida, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari.

Nyumbani alale? Apewe dawa gani?

Kulala ni ruhusa, ila si peke yake. Usiku wa kwanza mwamsheni mara kadhaa na mumsikilize anavyojibu. Paracetamol inatosha. Msimpe diklofenaki, ibuprofen wala aspirini, maana zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Pombe hapana, na bodaboda asiendeshe.

Arudi lini?

Si Jumatano. Apumzike siku moja au mbili, kisha atembee, akimbie taratibu, afanye mazoezi yasiyo na kugongana, kila hatua isiwe chini ya siku nzima, na dalili zikirudi arudi nyuma. Mwanafunzi aweze kusoma kwanza bila kichwa kumuuma. Mwongozo wa Uingereza wa michezo ya ridhaa, uliotolewa 2023, unataka kwa kawaida zipite siku 21 kabla ya mechi. Kupiga mpira kwa kichwa ndiyo hatua ya mwisho, na kabla ya mechi aonwe na tabibu.

Hatuna daktari wa timu. Nani aamue?

Mchagueni mtu mmoja asiyekuwa kocha wala nahodha. Kocha anataka ushindi na nahodha anamtaka mshambuliaji wake. Huyo mliyemchagua akisema "toka," hakuna kubishana naye. Awe na namba za wazazi, na daftari. Kijana akigongwa aandike saa na upande wa kichwa, kama alizimia, na ametapika mara ngapi. Karatasi hiyo ije pamoja na mgonjwa, kwa sababu sisi tunaompokea usiku hatukuwepo uwanjani.