Kipande si riba ya benki

"Benki wananipa asilimia 2, UTT wananipa 12." Kauli hii nimeisikia dukani, kwenye daladala, hata msibani. Kosa liko kwenye hilo neno "wananipa". UTT ni kampuni ya serikali ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wake wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, haulipi riba; unakuuzia vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko wenyewe.

Tuseme kipande ni shilingi 500. Milioni moja yako inakupatia vipande 2,000. Bei ikifika 550, una 1,100,000. Ikishuka hadi 480, una 960,000, na hakuna wa kumdai hiyo 40,000. Umoja una hisa za kampuni ndani yake, na hisa hupanda na kushuka. Mfuko mwingine wa UTT, wa Ukwasi, umetulia zaidi kwa sababu huegemea hati fungani (mikopo kwa serikali au kampuni) na amana za benki, lakini nao hauahidi asilimia yoyote.

Halafu benki, pamoja na riba yake ya kuchekesha, ina kinga ambayo kipande hakina: ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana hufidia hadi shilingi 7,500,000 kwa mteja. Ada ya Januari mimi naiacha benki. Hela ya kiwanja cha miaka mitano ijayo ndiyo naipeleka kwenye vipande.